Siku Niliyoalika Mtaa Mzima Waje Kusikiliza Kiingereza Changu

Aibu nyengine mtu huimeza akalala nayo, lakini yangu mie nusu ya Waswahili wa Tottenham waliiona kwa macho yao na nusu iliyobaki walihadithiwa kabla sufuria hazijaoshwa, kwa hiyo kuificha ni kazi bure, na bora niisimulie mwenyewe kuliko kuisikia kwa shoga yangu Bi Zuwena, ambaye kila akiisimulia huniongezea chumvi na kunipunguzia heshima.

Kwanza mjue kwamba mie chuo nimesoma, skuli sikusoma. Chuo cha Kurani nilikaa mkekani mpaka nikahitimu, na bakora ya mwalimu naikumbuka kuliko sura yake, lakini skuli ya serikali niliingia nikatoka kama mtu aliyekosea mlango, maana mama alikuwa na watoto wadogo, na mtoto wa kike mkubwa ndiye yaya wa nyumba. Baadae yakaja mapinduzi, watu wakatawanyika kama mchele uliomwagika sakafuni, nami nikaolewa na mume (Mungu amrehemu) aliyekuwa keshafika Landani, akaniita, nikaja. Nikapata kazi ya kusafisha maofisi alfajiri, kabla wenye meza hawajafika, na mashine ya kufyonza vumbi haikuwahi kunisemesha hata siku moja, basi miaka ikapita, nikalea, nikaozesha, nikastaafu, na Kiingereza changu kikabaki kile cha dukani: bei gani, ghali, asante, kwaheri.

Aliyeniamsha ni mjukuu wangu Nasra. Mama yake, binti yangu Rukia, anatunza wazee kwa shifti za usiku na mchana analala kama gogo, kwa hiyo siku ile walimu wanapowaita wazazi skuli wawaeleze habari za watoto wao, anayekwenda ni mie. Naketi mbele ya mwalimu, mwalimu anasema, Nasra ananifasiria. Yaani mshitakiwa ndiye mkalimani wa kesi yake. Mwalimu wa hesabu anasema maneno marefu, kakunja uso kama aliyeng'ata ndimu, kisha Nasra ananigeukia, "Bibi, anasema mimi ni mchangamfu." Uso wa mwalimu una mvua, maneno ya mjukuu yana jua. Mwaka mmoja niliinuka nikamshika mwalimu yule kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikampa na visheti nilivyokuwa navyo mkobani, naye akabaki ananitazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. Njiani nikawa nawaza, huyu mtoto nampenda kuliko macho yangu, lakini akiwa anapotea mie nitajuaje? Wa kunambia ni yeye mwenyewe. Kabla ya wiki kwisha nikajiandikisha kusoma Kiingereza katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba, darasa la chini, na nia yangu ilikuwa moja tu: nipandishwe darasa la juu kabla walimu hawajatuita tena, kwa sababu nilisikia huko juu ndiko watu wanakofundishwa kusikilizana na madaktari na walimu.

Mwalimu wetu alikuwa Miss Helen, mwanamke mwembamba, mpole, sauti yake kama anayembembeleza paka. Na somo lake kubwa muhula ule lilikuwa sentensi. Mie umri wote huu nazungumza, sikujua kumbe nnatoa sentensi, tena za namna tatu. Alibandika karatasi kubwa ukutani, imejaa habari za kijana mmoja jina lake Tom, ambaye kusema kweli alikuwa na mikosi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Sentensi ya kwanza ilikuwa fupi, Tom alikosa basi, imekwisha. Hiyo ni ya peke yake, kama mjane mwenye nyumba yake, hamtegemei mtu. Ya pili, Tom alikosa basi na akenda kwa miguu. Hao ni wake wenza, wamefungwa nyumba moja na hilo neno "na" lakini kila mmoja ana jiko lake, ukiwatenganisha kesho kila mmoja atapika chakula chake. Ya tatu, Tom alikosa basi kwa sababu alichelewa kuamka. Hiyo sasa ni mama na mtoto mchanga. Mama unaweza kumwacha asimame, lakini huyo "kwa sababu alichelewa kuamka" ukimweka chini peke yake ataanguka, maana mtu akikugongea mlango akakwambia "kwa sababu alichelewa kuamka" kisha akanyamaza, wewe utamwita mwendawazimu. Na kazi yenyewe ilikuwa kuzitambua, halafu kuzigeuza, umchukue mjane umfanye mke mwenza, umchukue mke mwenza umbebeshe mtoto.

Mnaona nilivyoelewa. Tatizo ni kwamba nilielewa kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza zote zilinipitia kwa sauti moja, kama kuku wakidonoa bati.

Sasa, mtu aliyesoma chuo hana hofu ya kitu asichokielewa. Sisi tulihifadhi kwanza, maana ikaja baadae, na wengine haijawafikia mpaka leo. Kwa hiyo nilimwambia Nasra anisomee karatasi ile yote, ambayo Miss Helen alitupa nakala yake ndogo ya kusomea nyumbani, nikaipokea kwa sikio kama nilivyopokea juzuu ya kwanza, nikawa naisoma huku nakatakata mchicha, naisoma nikikunja nguo, kutoka juu mpaka chini, mjane, wake wenza, mama na mtoto, halafu mjane tena, na mwili ukiyumba mbele na nyuma wenyewe, na lile ghani la chuo likaja lenyewe. (Nasra akasema kwa Kiingereza kwamba namtia kichaa, akafunga mlango wake.) Kabla ya mwezi kwisha Tom nilikuwa nimemhifadhi mzima.

Basi darasani nikawa moto. Miss Helen anagusa karatasi kwa fimbo, kabla hajamaliza mie nishataja, hii ya peke yake, hii ya pamoja, hii yenye kutegemea, na akisema igeuze natoa ile inayofuata, maana niliijua inakuja kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Miss Helen mwenyewe hakugundua kwamba daima alianzia juu akishuka kwa mpangilio. Akawa ananisifu, akamwita mwalimu mwenzake aje anione, na mie nikavimba kichwa, mnisamehe, umri huu nani anakusifu tena? Nikamwambia Bi Zuwena kwamba darasa la juu nishalitia mfukoni. Hapo Miss Helen akatangaza siku ya kufungua milango, wageni waje waone tunavyosoma, atakuja pia mtu wa kansoli, yaani serikali ya mtaa, na mie ndiye nitakayesimama mbele kuonyesha, na siku hiyohiyo yatatajwa majina ya wanaopanda darasa.

Kila mwanafunzi alete wageni wawili. Hili Nasra alinifasiria sawasawa, na akanionyesha na vidole. "Two, Bibi. Wawili tu."

Lakini jamani, nani kwetu anaalika watu wawili? Ukimwalika Fatma ukamwacha wifi yake umetangaza vita, na ukimwalika wifi yake ukamwacha mkwe wake ni bora uhame mtaa. Kwa hiyo nikafanya uamuzi mdogo tu, hata si uamuzi, ni adabu. Nilimwita Bi Zuwena kwenye simu nikamwambia aje, kisha nikaongeza, "Na ukimwona mtu, mwambie." Ukimwona mtu mwambie. Kumwambia Bi Zuwena maneno hayo ni sawa na kupiga mbiu sokoni, maana mwanamke yule anawaona watu wote, na asiowaona anawapigia.

Siku ilipofika nilivaa kanga mpya juu ya dera, nikajifukiza udi, nikaingia ukumbini nikiwa na Nasra, nikakuta safu za viti zimejaa mabuibui. Walikuwepo wa Tottenham, walikuwepo wa mbali, na mmoja alitoka Thamesmead kwa mabasi sijui mangapi akaniuliza kwa sauti ya chini bibi harusi yuko wapi. Kila mmoja na chakula chake, sambusa, katlesi, mkate wa kumimina, na sufuria la biriani la Bi Zuwena limefungwa kwa kitambaa, limewekwa mlangoni, mlinzi wa ukumbi anajaribu kulisukuma kwa mguu anasema mlango usizibwe. Nikamuuliza Zuwena kulikoni.

"Shoga, umeniita kwenye furaha, nije mikono mitupu?"

Wanafunzi wenzangu, kina mama wa Kituruki na wa Kisomali, na wageni wao wawili wawili kwa heshima, wamebanwa kwenye ukuta. Mtu wa kansoli, bwana mrefu mwenye tai, hakupata kiti, kasimama pembeni na kachori mkononi. Miss Helen shingo imeota mabaka mekundu, lakini anatabasamu. Nasra akaninong'oneza kwamba anataka kufa. Nikamwambia asubiri kwanza nimalize.

Nikasimama mbele. Miss Helen akagusa ya kwanza, nikajibu, na safu nzima ikapiga vigelegele. Akagusa ya pili, nikajibu, vigelegele. Bwana wa kansoli akapiga makofi na ile kachori. Ya tatu, nikaigeuza bila kuulizwa. Hapo mie najiona nishafika darasa la juu, nazungumza na daktari, nazungumza na mwalimu wa hesabu ana kwa ana, namuuliza hiyo ndimu kainunua wapi.

Ndipo Miss Helen, kwa wema wake, akamkaribisha mgeni achague sentensi mwenyewe, yoyote aipendayo. Na yule bwana akashika fimbo, akaenda kugusa huko chini, karibu na mwisho wa karatasi.

Kila aliyesoma chuo anajua msiba niliokuwa nao. Ukinikatiza katikati ukaniuliza kinachofuata sijui, lazima nirudi nilikoanzia. Nikamwangalia bwana, nikaiangalia karatasi, herufi zote kwangu ni mchanga tu. Nikasema moyoni, nitapita haraka haraka, kimya kimya, nitafika tu. Nikafumba macho nikaanza na Tom alikosa basi.

Kumbe haikuwa kimya kimya. Chuo hatukufundishwa kimya kimya. Sauti ikatoka, ghani likaja, mwili ukaanza kuyumba, na nikifika kwenye lile neno la kwa sababu, "because", nalivuta kwa madaha kama tulivyofundishwa kuvuta. Nyuma huko gumzo likakatika. Wale wazee wenzangu Kiingereza chao ni kama changu, lakini ghani lile hakuna asiyelijua, basi kanga zikapandishwa vichwani, vikombe vya chai vikawekwa chini, watoto wakafinywa wanyamaze. Mie naendelea. Tom anakwenda kwa miguu, Tom ananyeshewa, Tom anapoteza ufunguo, nimezama kabisa, na nilipofika pale Tom anapofunguliwa mlango na mama yake nikashusha sauti kupumua, kwa sababu pale ndipo pumzi inapokata. Bi Zuwena akadhani nimehitimisha. Akainua mikono, na safu nzima ikaitikia kwa pamoja:

"Amin."

Na yule bwana wa kansoli, mtu wa adabu zake, naye akainamisha kichwa akasema "Amin" kwa namna yao.

Nikafumbua macho. Nasra kajifunika uso kwa skafu. Ile sentensi aliyoichagua mgeni bado ilikuwa mbele huko, na mie nilikuwa nishapotea njia, siwezi kwenda wala kurudi, na nikianza tena watu watatawadha. Miss Helen akaelewa. Niliona usoni kwamba ameelewa yote, tangu siku ya kwanza. Akaiacha karatasi, akanisogelea, akaniuliza taratibu vitu viwili ambavyo havikuwemo kwa Tom: kunanyesha, nina mwavuli, niviunge. Nikatafuta kichwani, nikamkuta Tom tu. Mtu wa Thamesmead akamuuliza jirani yake mbona dua imekatika.

Akamwita Nasra aje anifasirie. Akamwambia maneno mengi, pole pole, mkono wake uko begani kwangu, na katikati ya maneno hayo nilikamata moja nililolijua vizuri, "not yet", yaani bado, maana ndilo alilokuwa akinijibu msimamizi wangu wa usafi kila nikiomba likizo. Nikakamata na darasa la chini. Nasra akanigeukia.

"Bibi, anasema umefanya vizuri sana, wewe ni mfano kwa wote."

Hapo aibu yote niliyokuwa nayo ikapata pa kutokea. Nikamwambia, na sauti yangu haikuhitaji spika, "Hilo 'bado' nimelisikia. Darasa la chini nimelisikia. Huo mfano umeutoa wapi?"

Ukumbi wa Kiswahili ukaangua kicheko, na wasiojua Kiswahili wakacheka kwa kuona wenzao wanacheka, na mjukuu wangu akasimama pale katikati, macho yanamwaga maji. Na mie, badala ya kunyamaza, maana mdomo wangu ukishafunguka hauna kitasa, nikaendelea, nikamuuliza mbele ya mtu wa kansoli na biriani na kila mtu, "Na yule wa hesabu alisema nini? Nilimpa visheti vyangu kwa kusema nini?"

Akajifunika tena skafu. Miss Helen akatangaza chakula.

Chakula kilipendwa, hilo nalisema. Mtu wa kansoli alirudia biriani, na majina ya waliopanda darasa yalisomwa watu wakiwa na vidole vya mafuta, langu halikuwemo, akapanda mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa akikaa nyuma kimya, nikampigia kigelegele kwa sababu nimelelewa.

Kwenye basi mie na Nasra tulikaa na masufuria magotini, yeye dirishani, mie njiani. Kisha akanambia, kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza, kwamba angewezaje kunambia vile mbele ya watu wote wale waliokuja kwa ajili yangu. Nikamwambia, na kule skuli je, mbona hakukuwa na watu? Akachezea mfuniko wa sufuria. "Kule nilikuwa naogopa utalia, halafu umwambie mama." Akanambia mwalimu wa hesabu alisema nini, yote, na visheti vile alivila au hakuvila hajui. Mvua ilikuwa inapiga kioo, nikasema tu, kama najisemea, nimechukua mwavuli kwa sababu kunanyesha. Nasra akageuka akaniuliza kwa nini sikusema hivyo pale, hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa akiitaka Miss Helen. Nikamwambia, "Kwa Kiswahili hakuna aliyeniuliza."

Nikamwomba radhi kwa kumliza mbele za watu, na hilo mie silifanyi kila siku. Kisha tukapatana. Mie nitaendelea na darasa la chini mpaka maneno yaniingie kwa mlango wa mbele, si kwa ghani, na yeye walimu wakituita atanifasiria neno kwa neno, hata likiwa chungu. Akaniuliza kama nina hakika. Mie, mtu niliyevuka mapinduzi na bahari, niogope mwalimu wa hesabu?

Walipotuita, tukaenda, tukaanzia kwa yule wa hesabu. Akafasiri kweli. "Anasema sijafungua kitabu tangu muhula uanze. Anasema akiniweka mbele naongea na wa nyuma, akiniweka nyuma naongea na wa mbele. Anasema nikiendelea hivi nitafeli, na yeye hataki nifeli kwa sababu akili ninayo, anasema ndiyo maana anakasirika." Neno kwa neno, bila kupepesa macho, mpaka mwalimu mwenyewe akaanza kumtazama kwa huruma. Mie nimekaa, mkoba nimeubana kifuani, kila neno linaniingia kama mwiba wa nungunungu, lakini nikajua pa kumshika mtoto wangu, na tangu jioni ile kitabu cha hesabu kinafunguliwa kwenye meza yangu ya jikoni kabla ya sahani.

Tukainuka kwenda kwa mwalimu wa pili, wa sayansi, naye nikamwona kwa mbali amekunja uso vilevile. Nikamshika Nasra mkono nikamwambia, "Huyu mwanangu nipe kwa ufupi."

"Bibi, ulisema neno kwa neno."

"Nilisema nikiwa nimekaa kwenye basi."

Darasa la chini bado nalihudhuria, nakaa kiti cha mbele, na Miss Helen siku hizi anaanzia popote, chini, juu, katikati, makusudi, ananitazama mie. Na nimeapa kwa aliyeniumba: Bi Zuwena akinipigia kuniuliza siku ya kufungua milango mwaka huu ni lini, namwambia darasa limefungwa, mwalimu kahama, na Kiingereza chenyewe kimekwisha.